MAISHA YA BUFFALO BILL: MTU NA HADISI YAKE



Jina la Buffalo Bill si jina geni huku kwetu. Hata yule asiyejua kitu juu ya historia ya Marekani amekwisha kuona picha yake: mzungu mwenye nywele ndefu mpaka mabegani, ndevu kidogo kwenye kidevu, kofia kubwa, na farasi mweupe chini yake. Kule Kinshasa, zamani ilipoitwa Léopoldville, katika miaka ya 1950 vijana wengi walitazama sinema za makauboi, nao wakajiita Ma-Bill. Walijifunza kutembea na kusema sawa makauboi, na sehemu zingine za mji wakazipa majina ya kule Texas. Luga yao ya vijana, yenye kuchanganya Lingala, Kifaransa na maneno ya kwingine, ikaitwa Hindubill. Hata mumissionari mmoja mkatoliki, mwenye kuwafuata hawa vijana kwa kuwasaidia, walimwita Père Buffalo.

Basi hili jina lilifika mbali sana, na mwenye jina alikuwa amekwisha kufa zaidi ya miaka 30 mbele. Lakini yeye mwenyewe alikuwa nani? Alifanya nini kwa kweli, na nini aliongeza, na nini watu walimwongezea? Hiyo njo habari tunataka kueleza leo.

UTOTO WAKE

Jina lake la kweli ni William Frederick Cody. Alizaliwa tarehe 26 Februari 1846 karibu na LeClaire, mji mdogo wa Iowa, kando ya mto Mississippi. Baba yake aliitwa Isaac, mama yake Mary. Mwaka wa 1854 jamaa yao ikahamia Kansas. Wakati ule Kansas ilikuwa inchi mpya, na watu walikuwa wanabishana kwa ukali: utumwa wa watu weusi utaingia humu ama hautaingia? Siku moja Isaac Cody akasema mbele ya watu kwamba yeye hataki utumwa uingie. Mtu mmoja akamrukia na kumchoma kisu. Isaac hakufa siku ile, lakini hakupata tena nguvu zake za zamani, na mwaka wa 1857 akafa. William alikuwa na miaka 11.

Wenzangu wengi wanajua maana ya neno hilo. Mtoto mwenye kufiwa na baba anaacha kuwa mtoto mbele ya wakati. William akatafuta kazi ili asaidie mama yake na ndugu zake. Akapata kwa kampani moja kubwa, Russell, Majors na Waddell, yenye kupeleka mizigo mbali kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Alipanda farasi, akapeleka habari, akafuata safari za mizigo. Masomo alipata kidogo sana.

Mwaka wa 1860 kampani hiyo ikaanzisha kazi ya posta yenye kuitwa Pony Express. Vijana wepesi walipanda farasi na kupokezana barua, kutoka St. Joseph katika Missouri mpaka Sacramento katika California. Ni mwendo wa karibu kilometa 3,000, nao waliumaliza kwa siku kama 10. Kazi hiyo haikudumu miaka miwili: telegrafu ilipofika mwaka wa 1861, farasi wakashindwa. Nyuma ya miaka mingi, Cody alipokuwa mtu mkubwa, alieleza kwamba yeye pia alikuwa mmoja wa wale vijana, na kwamba mara moja alipanda farasi zaidi ya kilometa 500 bila kupumzika. Wenye kuchunguza historia walipotafuta ushuhuda wa neno hilo katika karatasi za kampani, hawakuupata, na wengi wao hawalikubali. Muweke neno hili moyoni, kwani litarudi mara na mara: kwa mtu huyu, ukweli na hadisi vilitembea vikishikana mikono.

NAMNA GANI ALIPATA JINA

Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani, Cody aliingia uaskari mwaka wa 1864, upande wa Kaskazini wenye kupigana na watu wa utumwa. Vita vilipokwisha, akamwoa Louisa Frederici katika mji wa St. Louis, mwaka wa 1866. Walizaa watoto wane. Lakini Cody hakuwa mtu wa kukaa nyumbani, na mara nyingi bibi yake alibaki na watoto peke yake.

Katika mwaka wa 1867 njia ya treni ya Kansas Pacific ilikuwa inajengwa kuelekea magaribi. Wafanyakazi walikuwa wengi na walihitaji nyama. Kule kuna mnyama mkubwa mwenye nywele nyingi shingoni, jina lake bizoni. Si yule mbogo wa huku kwetu, lakini watu wa Marekani wanamwita buffalo, ndiyo kusema mbogo. Cody akapewa kazi ya kuwinda, na mshahara wa dola 500 kwa mwezi, feza mingi sana kwa wakati ule. Yeye mwenyewe alihesabu kwamba aliua mbogo 4,280 kwa muda usiofika miezi 18. Kutokea hapo wakamwita Buffalo Bill, maana Bill ni kifupi cha William.

Tusimame hapa kidogo. Kwa wafanyakazi wa reli, mbogo ilikuwa nyama tu. Kwa Wahindi wa Marekani, wale wenye kuwa na inchi ile tangu zamani, Walakota, Wacheyenne, Wapawnee na makabila mengine, mbogo ilikuwa maisha yote. Nyama yake ilikuwa chakula, ngozi yake nyumba na nguo, mifupa yake vyombo. Mwanzoni mwa karne ile mbogo walikuwa milioni nyingi, wengi wanasema 30 ao zaidi. Karibu na mwisho wa miaka ya 1880 hawakufika tena 1,000 katika Marekani yote. Hatuwezi kusema Cody peke yake aliwamaliza. Waliowamaliza hasa ni wafanya biashara wa ngozi, nao wakubwa wa jeshi walifurahi, kwa sababu Mhindi asiye na mbogo atakubali upesi kufungiwa katika inchi ndogo aliyogawiwa na serikali. Cody mwenyewe, alipozeeka, alisema hazarani kwamba inafaa kuwe sheria za kulinda nyama za pori. Lakini jina lake lilitoka katika mauaji yale, na hakuna mtu anayeweza kulitenga nayo.

KUTOKA PORINI MPAKA TEATRE

Tangia mwaka wa 1868 Cody akawa mpelelezi wa jeshi. Kazi ya mpelelezi ilikuwa kutangulia mbele ya waaskari, kusoma nyayo, kutafuta maji, kupeleka barua za wakubwa usiku katika inchi ya hatari. Hapa hakuna hadisi: Cody alijua kazi hiyo vizuri, na Jenerali Philip Sheridan alimtumaini. Mwaka wa 1872 akapewa medali kubwa kupita zote za jeshi la Marekani. Medali hiyo ina historia yake. Mwaka wa 1917, majuma machache tu nyuma ya kufa kwake, serikali ikafuta jina lake, kwa sababu wakati wa kuipata hakuwa askari wa kuandikwa. Mwaka wa 1989 ikamrudishia.

Mwaka wa 1869 alikutana na mwandishi mmoja, Ned Buntline. Huyu alikuwa mtu wa kuandika hadisi za bei ndogo kwa ajili ya watu wa miji. Akarudi New York na kutoa katika gazeti hadisi ndefu juu ya Buffalo Bill, na mambo mengi alitunga tu kichwani mwake. Watu wakaipenda. Kijana wa miaka 23 akawa shujaa wa vitabu, angali hai na angali anafanya kazi yake.

Katika Desemba 1872 Buntline akamwita Chicago ili acheze katika teatre sehemu ya mtu mmoja tu: yeye mwenyewe. Cody alikuwa hajacheza teatre hata siku moja. Inasemekana mara ya kwanza alisahau maneno yote, akabaki kueleza tu safari zake za kuwinda. Lakini watu hawakuja kwa kusikia maneno mazuri. Walikuja kumwona Buffalo Bill wa kweli. Teatre ikajaa. Kwa miaka kama kumi akaishi hivi: wakati wa baridi anacheza, na mara ingine wakati wa joto anarudi kwa jeshi. Alicheza vita, kisha akaenda vitani, kisha akarudi kuvicheza.

Mwaka wa 1876 ulionyesha hatari ya maisha ya namna hiyo. Tarehe 25 Juni Walakota na Wacheyenne walimshinda Koloneli Custer kwenye mto wa Little Bighorn, akafa pamoja na waaskari wake zaidi ya 200. Marekani yote ikatetemeka kwa hasira. Tarehe 17 Julai, kwenye kijito cha Warbonnet katika Nebraska, Cody alikuwa pamoja na waaskari walipokutana na kundi ndogo la Wacheyenne. Siku ile alikuwa amevaa nguo zake za teatre, sawa mtu mwenye kujua kwamba atahitaji kueleza habari hiyo baadaye. Akamwua Mcheyenne mmoja, jina lake Nywele za Manjano, akamkata ngozi ya kichwa pamoja na nywele zake. Miezi michache mbele akaicheza mauti hiyo katika teatre, na ile ngozi ya kichwa ikaonyeshwa kwa watu. Hata jina la marehemu hawakulitafsiri vizuri: wakamwita Mkono wa Manjano, na vitabu vingi vikaandika vile. Mtu aliyekufa akipigania inchi yake akanyanganywa uhai, akanyanganywa nywele, akanyanganywa na jina.

MCHEZO MKUBWA WA WILD WEST

Mwaka wa 1883, katika mji wa Omaha, Cody akaanzisha kitu kipya. Si teatre ya ndani ya nyumba, bali mchezo mkubwa katika uwanja wazi, wenye farasi, mbogo, makauboi, waaskari na Wahindi wa kweli. Uliitwa Wild West, ndiyo kusema Magaribi ya Pori. Watazamaji waliona posta ya farasi, gari la abiria likishambuliwa, mawindo ya mbogo, na vita. Ilikuwa historia ya Marekani ikielezwa kwa bunduki na mwendo wa farasi, na mwisho wake mzungu anashinda kila siku.

Mwaka wa 1885 watu wawili wa sifa waliingia. Wa kwanza ni Annie Oakley, mwanamuke mdogo wa umbo, aliyezaliwa katika umaskini kule Ohio, ambaye kwa kulenga bunduki aliwapita wanaume. Cody alimlipa vizuri na kumheshimu, na hazarani alisema kwamba wanawake wanastahili mshahara sawa na haki ya kupiga kura. Wa pili ni Sitting Bull, mkubwa wa Walakota, adui mkubwa wa jeshi zamani za Custer. Alipata dola 50 kwa juma, na haki ya kuuza picha zake mwenyewe. Alikaa miezi minne. Annie Oakley alishuhudia kwamba feza yake nyingi aliwagawia watoto maskini waliozunguka hema zao mijini. Alipoaga, Cody akampa farasi.

Mwaka wa 1887 wote wakavuka bahari, wakacheza London mbele ya Malkia Victoria. Mwaka wa 1889 walikuwa Paris wakati mnara wa Eiffel ulipofunguliwa, na mwaka wa 1890 wakafika Roma. Ubelgiji pia iliwaona, mwaka wa 1891 na tena mwaka wa 1906. Mwaka wa 1893 waliweka uwanja wao kando ya maonyesho makubwa ya Chicago, na feza ikaingia sawa maji. Mwaka wa 1899 peke yake walicheza mara 341 katika miji 132, kwa siku 200, wakisafiri kwa treni zaidi ya kilometa 17,000.

WAHINDI WALIONA NAMNA GANI?

Ulizo hili ni la maana. Wamissionari wengi wa Marekani na wakubwa wa serikali walichukia mchezo huo. Walitaka Wahindi wajifunze kulima na kukaa kanisani, si kupanda farasi na manyoya kichwani. Wahindi wengi kwa upande wao waliipenda kazi. Ililipa vizuri kuliko kitu chochote walichoweza kupata katika inchi ndogo walimofungiwa, na kule nyumbani serikali ilikuwa imekataza ngoma zao za zamani. Katika mchezo waliruhusiwa kupanda farasi, kuimba, kuvaa sawa baba zao, na kuona dunia. Lakini uhuru huo ulikuwa wa saa chache, na bei yake ilikuwa kushindwa kila siku mbele ya watazamaji.

Mwisho wa mwaka wa 1890 mchezo na mauti vikakutana tena. Serikali iliogopa ngoma mpya ya dini iliyoenea kati ya Walakota. Jenerali Miles akamtuma Cody amlete Sitting Bull kwa maneno ya urafiki. Cody akaenda, lakini mkubwa wa pahali pale alimchelewesha, na amri ikatoka juu ya kumrudisha. Tarehe 15 Desemba polisi wakaenda kumkamata Sitting Bull usiku kuelekea asubui, kukawa vita, akauawa. Watu wanaeleza kwamba yule farasi aliyepewa na Cody, aliposikia risasi, alianza kucheza sawa alivyozoea katika uwanja. Hiyo labda ni hadisi. Lakini ile ya siku 14 nyuma si hadisi: tarehe 29 Desemba, kwenye Wounded Knee, waaskari waliua Walakota zaidi ya 150, na wengine wanahesabu karibu 300, wanawake na watoto wengi kati yao. Mwaka wa 1891 Cody akapewa ruhusa ya kuchukua zaidi ya 20 ya wafungwa wa mambo hayo, akawapeleka Ulaya kucheza. Walichagua ngambo kuliko gereza.

MWISHO WAKE

Cody alipata feza mingi, lakini haikukaa mkononi. Aliwapa marafiki bila kuhesabu, alikunywa pombe, aliweka mali katika machimbo ya Arizona yasiyotoa kitu, na alitumia nyingi kwa kujenga mji wenye jina lake, Cody, kule Wyoming. Nyumbani mambo yalikuwa magumu. Mtoto wake mwanaume, Kit, alikufa mwaka wa 1876 akiwa na miaka mitano tu. Binti wawili nao wakafa mbele ya baba. Mwaka wa 1905 alishindwa kesi ya kumwacha bibi yake, ingawa kwa mwisho walipatana.

Mwaka wa 1913, kule Denver, deni ziliushika mchezo wake wote na vyombo vikauzwa. Mwaka ule ule akatengeneza sinema juu ya vita vya Wahindi, na Walakota waliokuwa Wounded Knee walicheza tena mambo yale mahali pale pale ndugu zao walipoanguka. Kisha mzee huyu, akiwa mgonjwa na mwenye deni, aliendelea kupanda farasi katika michezo ya watu wengine mpaka 1916. Alikufa Denver tarehe 10 Januari 1917, akiwa na miaka 70. Kaburi lake liko juu ya mlima wa Lookout, katika Colorado.

TUJIFUNZE NINI?

Buffalo Bill hakuwa mwongo tu. Alikuwa hodari, mkarimu, mwenye kujua porini sawa wachache. Kweli ya maisha yake ilitosha. Mtoto wa miaka 11 mwenye kulisha nyumba ya mama yake, hiyo peke yake ni sifa. Lakini aliona kwamba watu wanalipa zaidi kwa hadisi, akaanza kuiuza, na siku kwa siku hadisi ikamtawala. Mwishoni mzee alilazimishwa kupanda farasi kwa sababu ile picha haikuruhusiwa kuzeeka.

Neno la pili ni letu zaidi. Sisi tuliosoma, tutakuwa wenye kueleza habari za vijiji vyetu na za wazee wetu. Mwenye kushika bunduki ni mwenye nguvu, lakini mwenye kueleza vita ana nguvu kumpita. Kwa miaka mingi dunia yote ilijua jina la Buffalo Bill na haikujua jina la kweli la mtu aliyemwua. Wale Ma-Bill wa Léopoldville walichagua kuwa sawa na mshindi wa sinema. Nani aliwaambia habari za Nywele za Manjano? Basi tukisoma maisha ya mtu mkubwa, tuulize daima: nani anaeleza? Na yule asiyepewa nafasi ya kusema, yeye angesema nini? Mungu wetu ni Mungu wa kweli, naye anawajua wote kwa majina yao, washindi na walioshindwa.